Nafasi Ilikuwa Moja

Hotuba iliyotolewa mjini Morogoro na afisa mstaafu wa huduma za uangalizi mbele ya walimu wakuu, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini na wafanyabiashara. Inatolewa hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mahakimu mliotuheshimu kwa kufika, masheikh wetu, mapadri na wachungaji wetu, walimu wakuu, wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kama yupo ambaye sikumfikia kwa salamu hizo, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya elimu na urekebishaji kama njia mbadala ya kumpeleka mtu gerezani. Nitazungumza, lakini naomba ruhusa yenu nianze na habari ya mabati.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kazini, vijana wawili wa mtaa mmoja waliiba mabati sita kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 19, mwenzake miaka 20, na hakuna kati yao aliyewahi kushtakiwa kabla ya siku hiyo. Walikamatwa wakiwa katika kuyauza, wakakiri mbele ya hakimu bila kuzungusha maneno, na mabati manne yakarudi kwa mwenyewe. Hakimu akaniagiza niandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa kila mmoja wao kabla hajatoa adhabu. Nikaenda kwao. Nikakaa na wazazi wao, nikamwona balozi wa nyumba kumi, nikamwona mwenyekiti wa mtaa, nikamwona hata mwenye mabati, ambaye aliniambia kwamba yeye anachotaka ni mabati yake mawili yaliyobaki. Nilipomaliza kuzunguka sikuwa na shaka yoyote. Vijana wote wawili walistahili kifungo cha nje, yaani kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani.

Kilichobaki ni kupata mahali pa kuwapeleka wakafanye kazi. Nikaenda shule ya msingi iliyokuwa jirani. Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia: "Nitachukua mmoja tu. Wawili siwezi, wazazi watanielewa vibaya." Nikaenda zahanati, wakakataa. Nikaenda ofisi nyingine ya umma, wakaniambia nirudi wiki ijayo, na kabla wiki hiyo haijafika tarehe ya hukumu ikawa imefika.

Je, sheria ya kuwasaidia vijana wale ilikuwapo? Ilikuwapo. Je, hakimu alikuwa tayari kuitumia? Alikuwa tayari. Je, vijana walistahili? Walistahili wote wawili. Kilichokosekana, ndugu zangu, ni ufagio wa pili. Nikalazimika kuamua kwa kalamu yangu nani aende kufagia shule na nani apande karandinga, na niliamua kwa sababu moja tu, kwamba mmoja alikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Mwenye mama mgonjwa akabaki. Mwenzake akaenda gerezani miezi 6. Nafasi ilikuwa moja.

Nitawarudia vijana hao. Naomba mbaki nao moyoni wakati nikieleza mengine.

Ndugu zangu, wapo wanaodhani kwamba kifungo cha nje ni upendeleo unaotolewa kwa siri kwa mtu mwenye ndugu mkubwa. Sivyo. Ni sheria ya nchi. Zimbabwe ilianza njia hii mapema katika miaka ya 1990, baada ya magereza yake kujaa watu wenye vifungo vya miezi michache tu. Septemba 1996 wajumbe kutoka nchi nyingi za bara letu walikutana Kampala kujadili hali ya magereza ya Afrika, na Novemba 1997 wakakutana Kadoma, huko huko Zimbabwe, safari hii kwa jambo moja tu, nalo ni huduma kwa jamii, ndicho hicho kifungo cha nje. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, na sisi Tanzania tukatunga Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 2002. Sheria hiyo inasema kwamba mtu akitiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3 jela, au hata kwa kosa lenye adhabu kubwa zaidi lakini mahakama ikaona kwamba kifungo kinachomstahili hakizidi miaka 3, mahakama inaweza kumwamuru afanye kazi yenye manufaa kwa umma, bila malipo, badala ya kumpeleka gerezani.

Naomba mnielewe vizuri jinsi jambo hili linavyotendeka, kwa sababu hofu nyingi ninazokutana nazo mitaani zinatokana na kutolijua. Hakimu hatoi adhabu hii kwa kumtazama mtu usoni na kumhurumia. Afisa anatumwa kuchunguza: mtu huyu anaishi wapi, amewahi kufungwa, anategemewa na nani, majirani wanamsemaje, aliyekosewa anataka nini. Kisha inatafutwa taasisi ya umma ya kumpokea, yaani shule, zahanati, hospitali, ofisi ya kata, chanzo cha maji kinachohitaji kupandwa miti. Taasisi inateua msimamizi mmoja. Mkosaji anafika siku alizopangiwa, anafanya kazi aliyopangiwa, na msimamizi anatia saini kwenye daftari. Asipofika, msimamizi anamjulisha afisa. Akikaidi, anarudishwa mahakamani, na mlango wa gereza ambao haukufunguliwa mara ya kwanza unaweza kufunguliwa mara ya pili. Mtu huyo hajaachiwa. Mtu huyo anatumikia adhabu, ila anaitumikia mbele ya macho yetu, na jioni analala kwake, anakula chakula cha jasho lake na si cha kodi yetu, na kama ana watoto, wanamwona.

Sasa niulize: tunapomfunga mtu miezi 4 au 6 kwa kosa dogo, tunapata nini?

Kwa miaka mingi takwimu zilizosomwa bungeni zilionyesha kwamba magereza yetu yana uwezo wa kuhifadhi watu 29,902, na kwa miaka mingi waliomo wamezidi 30,000, tena sehemu kubwa yao wakiwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Tunaposikia neno gereza tunawaza majambazi. Lakini ukikaa katika Mahakama ya Mwanzo asubuhi moja tu, utawaona wanaokwenda huko: aliyeiba kuku, aliyepigana kilabuni, kijana aliyechukua simu iliyoachwa mezani, mwanamke aliyekutwa na gongo. Wengi wao hawafungwi kwa sababu hakimu alitaka kuwafunga. Wanatozwa faini, faini inawashinda, na kushindwa faini ndiko kunakowapeleka ndani. Mwenye fedha na asiye nazo wametenda kosa moja, mmoja analala nyumbani kwake, mwingine analala chini kwenye sakafu ya gereza. Je, hapo tumeadhibu kosa au tumeadhibu umaskini?

Namkumbuka mama mmoja, mjane, aliyekamatwa na galoni mbili za gongo. Alikuwa na watoto wanne, na mkubwa wao alikuwa darasa la sita. Faini ilimshinda. Bahati yake, zahanati ya kata yao ilikubali kumpokea. Alifua mashuka, alipiga deki, alipalilia bustani, na mchana alirudi kwake kupika. Muuguzi aliyekuwa akimsimamia, ambaye hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo, akagundua kwamba mama yule hajui kusoma, akawa anamfundisha herufi wakati wa kusubiri mashuka yakauke. Alipomaliza adhabu yake aliomba aendelee kuja siku moja kwa wiki, si kwa kazi, bali kwa masomo. Baadaye alijiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na sababu iliyomwezesha kujiunga ni ndogo mno: aliweza kuandika jina lake na kusoma hesabu za daftari lake mwenyewe. Gongo hakupika tena, kwa kuwa alianza kuuza vitumbua na maandazi pale pale karibu na zahanati, na wateja wake wa kwanza walikuwa wauguzi.

Sasa tuseme zahanati ile ingekataa. Watoto wanne wangegawanywa kwa ndugu, kama ndugu wapo. Yule wa darasa la sita angekuwa ndiye mama. Tungemlisha mfungwa mmoja na kupoteza mwanafunzi mmoja, na baada ya miezi michache tungemrudisha mtaani mwanamke yule yule, hajui kusoma, hana mtaji, akiwa na sufuria lake la gongo. Hiyo ndiyo hesabu ninayoomba tuifanye kila mara tunaposema kwamba mtu fulani akafungwe ili akome.

Ndugu zangu, nije kwenye elimu yenyewe.

Gereza ni shule. Hili halina ubishi kwa yeyote aliyefanya kazi karibu nalo. Swali ni nani anayefundisha. Kijana mwenye kosa la kwanza akiwekwa pamoja na watu waliokomaa katika uhalifu, bila kazi ya maana na bila darasa, atafundishwa na hao. Lakini akikuta mwalimu, karakana na kitabu, jambo jingine hutokea, na hapa naomba niwape mfano wa mtu anayejulikana.

Huko Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Aliwekwa katika gereza la wanawake la Luzira, pamoja na wengine waliokuwa wakisubiri kifo. Yeye na wenzake zaidi ya mia nne walifungua kesi ya kikatiba iliyopewa jina lake, wakihoji sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa makosa fulani bila kumsikiliza mkosaji kuhusu adhabu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kinyume cha katiba. Kesi yake ikarudishwa kusikilizwa upya upande wa adhabu, akapewa kifungo cha miaka, na Januari 2016 akatoka. Lakini linalonigusa mimi zaidi ni alichofanya akiwa ndani: alisoma. Alisomea sheria kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London hadi akapata stashahada, huku akiwasaidia wafungwa wenzake kuelewa kesi zao. Mtu ambaye dola ilikuwa imeamua kwamba hana kesho, alipopewa kitabu alianza kuwatumikia wengine. Ikiwa elimu iliweza kufanya kazi hiyo kwa mtu aliyesubiri kitanzi, itashindwa kwa kijana wa miaka 19 aliyeiba mabati?

Na si kisa kimoja tu. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilikusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchini humo, ikakuta kwamba wafungwa walioshiriki masomo gerezani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia uhalifu kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wasioshiriki, na kwamba kila dola moja iliyotumika kwenye masomo iliokoa dola 4 hadi 5 ambazo zingetumika kuwafunga tena ndani ya miaka mitatu. Brazil nako, tangu mwaka 2012, mfungwa wa magereza ya shirikisho akisoma kitabu na kuandika maelezo yake huweza kupunguziwa siku 4 za kifungo, hadi vitabu 12 kwa mwaka. Siku 48 za uhuru zinapatikana kwa kusoma! Napenda sana mpango ule, kwa sababu unampa mfungwa kitu ambacho mnyapara hawezi kumnyang'anya.

Sisi wenyewe hatuko mikono mitupu. Jeshi la Magereza lina chuo cha ufundi pale Ruanda, Mbeya. Viatu vinashonwa na wafungwa Karanga, Moshi. Wapo askari magereza ambao nimewaona kwa macho yangu wakiwafundisha vijana useremala kwa uvumilivu wa baba. Lakini anayefungwa miezi 4 hapati nafasi ya kujifunza chochote, maana kabla hajajua kushika randa siku zake zimekwisha. Kifungo kifupi kinatosha kumharibia mtu kazi, ndoa na jina, lakini hakitoshi kumfundisha ufundi. Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba kwa makosa madogo mafunzo yafanyike nje, huku mtaani, kwenye karakana zetu, kwenye vyuo vyetu vya ufundi, chini ya amri ya mahakama na uangalizi wa afisa. Sheria ya uangalizi tunayo tangu enzi za ukoloni, nayo inairuhusu mahakama kumweka mtu chini ya usimamizi kwa masharti. Je, sharti la kujifunza kazi linashindikana vipi?

Kwa watoto tumekwisha kukubaliana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Yupo anayewekwa chini ya uangalizi, na yupo anayepelekwa shule ya maadilisho, yaani shule ya kuwarekebisha watoto waliokosa, kama ile ya Irambo, Mbeya. Tulikubali kwamba mtu wa miaka 17 bado anaweza kufundishwa. Sasa kwa nini imani hiyo inatutoka siku anapotimiza miaka 18?

Sitasema mengi juu ya dawa za kulevya, maana wataalamu wa afya mnao na wanalijua jambo hilo kunizidi. Nitasema moja. Kijana anayetumia unga haibi kwa sababu anapenda kuiba. Anaiba kwa sababu arosto imemkamata na mwili unamdai. Ukimfunga bila kumtibu, umeuficha ugonjwa nyuma ya ukuta, na siku anapotoka ugonjwa unatoka naye. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, na tangu wakati huo huduma hiyo imefika katika mikoa mingine. Nimeongea na mama aliyesema kwamba kwa miaka saba hakuwahi kuacha sufuria nje usiku, na kwamba tangu mwanawe aanze kwenda kliniki kila asubuhi kunywa dozi yake, sufuria zinalala nje. Hakimu anayemwamuru kijana huyo ahudhurie tiba badala ya kwenda lupango amezilinda nyumba za mtaa mzima.

Sasa nalijua swali mlilonalo, kwa sababu nimeulizwa katika kila mkutano, tena huulizwa na watu waliokosewa kweli. Je, aliyeibiwa? Je, haki yake iko wapi, akimwona mwizi wake anapita mbele ya nyumba yake na ufagio?

Swali hilo ni halali, na sitalikwepa. Kwanza, sizungumzii mbakaji, muuaji, wala jambazi wa silaha. Gereza lina watu wake, na jamii ina haki ya kulindwa nao. Pili, mara nyingi sana aliyekosewa hakuulizwa anataka nini. Fundi cherehani mmoja aliyeibiwa mashine yake aliniambia maneno ambayo sikuyasahau: "Wakimfunga, mimi nitashona kwa nini?" Alitaka mashine. Kifungo kilimpa kila mtu kitu, isipokuwa yeye. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, na mtu aliye nje anayefanya kazi anaweza kulipa kidogo kidogo, lakini aliye ndani atalipa kwa kutumia nini?

Tatu, tuwatazame jirani zetu wa Rwanda, ambao jeraha lao halilinganishwi na lolote nililolitaja hapa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza ya nchi ile yalifikia kuwa na watuhumiwa zaidi ya 120,000. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya wananchi ya kusikiliza kesi hizo vijijini, zilizofanya kazi hadi Juni 2012, ziliruhusu wengi waliokiri na kuomba radhi watumikie sehemu ya adhabu yao kwa kazi za manufaa ya umma. Walijenga nyumba za manusura, walichimba matuta ya ngazi kwenye vilima, walitengeneza barabara. Sisemi kwamba maumivu yaliisha, wala kwamba kila manusura aliridhika. Nani angethubutu kusema hivyo? Nasema tu kwamba nchi iliyokuwa na kila sababu ya kufunga milango milele iliona kwamba lazima watu warudi vilimani kwao, na kwamba ni heri warudi wakiwa na koleo mkononi, mbele ya macho ya watu. Sisi tunashindwaje kumpokea aliyeiba kuku?

Na lipo lalamiko jingine ambalo naliheshimu kuliko yote, kwamba kifungo cha nje kinaweza kununuliwa, kwamba mtoto wa mkubwa atafagia na mtoto wa maskini atafungwa. Ndugu zangu, hatari hiyo ipo. Lakini tiba yake ni uwazi. Mwenyekiti wa mtaa aulizwe na afisa, na aseme kweli. Daftari la mahudhurio liwe mahali linapoonekana. Upendeleo hustawi pale nafasi zinapokuwa chache, kwa sababu kitu kichache ndicho kinachogombewa. Nafasi zikiwa nyingi, hakuna cha kununua.

Hapo ndipo nawarudia wale vijana wawili.

Yule wa shule alifagia, akafyeka, akachota maji. Mwezi wa pili wa adhabu yake shule ikaanza kujenga darasa, na fundi akaomba apewe kijana wa kumsaidia kuchanganya zege. Siku ya mwisho ya adhabu yake fundi alimwambia aje Jumatatu, akaja, na hakuondoka kwa miaka mitatu. Leo ni fundi mwashi, ana watoto wawili, na mmoja anasoma katika shule ile ile.

Mwenzake alitoka baada ya miezi 4, kwa msamaha wa kawaida wa tabia njema. Alitoka na marafiki wapya. Mwaka haukuisha wakavunja duka, na safari hii kifungo kilikuwa cha miaka. Huko, kwa kuwa kifungo kilikuwa kirefu, alijifunza useremala, na alijifunza vizuri. Siku alipotoka alikuja kwangu, akasimama getini na bahasha yenye cheti chake. Hakuja kulalamika. Aliniuliza kama namjua mtu mwenye karakana. Nilimjibu kwamba tutafute pamoja, na tulitembea naye siku tatu, karakana hadi karakana, mkono wake ukiwa umeshika bahasha ile mpaka ikalowa jasho. Saba walikataa. Wengine walikitazama cheti, wakaona kimetoka wapi, wakakirudisha haraka kama kilichowaunguza. Wa nane, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hakukitazama cheti kabisa. Alimpa ubao na randa, akasema, "Nionyeshe."

Kijana yule alikuwa na umri wa miaka 27 siku hiyo. Miaka 7 ilikuwa imepita tangu niliposhindwa kumpatia ufagio. Nimeihesabu miaka hiyo mara nyingi, na sijaona hata mmoja ambao ulilazimika kupotea.

Disemba 9, mwaka 2019, katika sherehe za Uhuru, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Watu elfu tano na ushee walirudi katika mitaa kama yetu. Walipokelewa na nani? Walikwenda kugonga milango ya nani? Wenye karakana hapa mnajua. Wenye viwanda vya matofali mnajua. Masheikh na wachungaji mnajua nani alikaa nyuma msikitini au kanisani bila mtu wa kumsogelea.

Walimu wakuu, nazungumza nanyi kwa heshima. Najua hofu ya wazazi. Waiteni wazazi, waelezeni, na afisa wa uangalizi atakuja kukaa nanyi kwenye kikao hicho, asipokuja, mdaini. Hatutawaletea mtu mwenye kosa la kudhuru watoto. Wahudumu wa zahanati, wenyeviti wa mitaa, watu wa vyanzo vya maji, kazi mnazo nyingi na mikono ni michache. Mafundi na wafanyabiashara, siombi mtoe ajira kwa huruma. Ombi langu ni kwamba mtu aonyeshwe ubao kabla hajaulizwa alikotoka.

Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa, naye amekubali. Pale mlangoni, kwa karani, lipo daftari jipya. Safu ya kwanza ni jina la taasisi au karakana. Safu ya pili ni jina la atakayesimamia. Safu ya tatu ni idadi ya watu mtakaoweza kuwapokea kwa wakati mmoja. Mkifika kwenye safu hiyo ya tatu, nawaomba sana, kama mnaweza, msiandike moja.